Kigoda Kilichopungua Vidole Vinne

Mama yangu mdogo hufunga zawadi za watu wengine. Ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na nne sasa, katika duka la karatasi na vifaa vya shule ambalo mwezi wa mwisho wa mwaka huondoa madaftari dirishani na kuweka tepe na mapambo. Meza yake iko karibu na mlango. Mkasi ameufunga kwa utepe kiunoni, maana wenzake wana mikono mirefu, na watu humletea kila kitu: saa, sufuria, viatu vya mtoto, redio. Mwaka mmoja aliletewa baiskeli. Aliifunga mpaka kengele yake, na watu waliosimama kumtazama wakasahau walichokuja kununua.

Ana sheria zake. Gundi isionekane. Mkunjo ukae chini, kama mshono wa gauni. Mbele ya mteja hasemi neno, ila mteja akishatoka ndipo ulimi humfunguka. "Mwanamume anayempa mkewe pasi," aliniambia siku moja, "amejinunulia shati lililonyooka."

Kwa kuwa mwezi mzima mikono yake ni ya wengine, zawadi zake mwenyewe huzinunua siku ya mwisho, duka likishafungwa, wakati watu wenye mipango yao wamekwisha kurudi nyumbani na kuvua viatu. Hata hivyo hanunui ovyo. Kitu cha kiwandani hakigusi. Anataka kitu kilichotoka mkononi mwa mtu, mtu mwenye kidole chenye kovu na jina linalojulikana mtaani kwake. Kwa bibi peke yake, miaka yote hiyo, ameleta kikapu cha mistari saba ambacho hakuna mstari uliofanana na mwenzake, bakuli la udongo lenye alama ya dole gumba la mfinyanzi, upawa wa mti, taulo la kufumwa kwa mkono, na mkeka mdogo ambao msusi wake alikataa kuuza mpaka aambiwe nani ataukalia.

Vyote vimo kabatini. Hapo ndipo penye hadithi.

Bibi anaishi kwetu. Alipofiwa na babu alihamia kwa mama yangu, binti yake mkubwa, na vitu vyake vikahamia katika kabati la vioo la sebuleni. Mama yangu naye hana mbwembwe za zawadi. Sikukuu ikifika humpa bibi ndala. Mwaka mwingine beseni. Mwaka mwingine blanketi la zambarau lililokuwa na bei bado imebandikwa. Na ndala zile bibi amezivaa mpaka kisigino kikatoboa upande wa pili. Beseni mtu akilihamisha nyumba nzima itajua. Blanketi halifuliwi bila yeye kusimama pembeni akilisubiri kama mtoto anayesubiri mwenzake atoke kuoga.

Mama mdogo alipokuja kututembelea, mara moja kwa mwezi au pungufu, kabla hata ya kuketi jicho lake lilikwenda kabatini kuhesabu. Kikapu kipo. Bakuli lipo. Upawa, mkeka, taulo.

"Mama, hujakitumia tu kile kikapu?"

"Nakitunza, mwanangu. Ni kizuri mno."

Hilo neno "mno" lilimchoma. Kilichomchoma zaidi ni kugundua kwamba kuna kitu chake kimoja bibi alichokuwa akikitumia sana, nacho ni karatasi. Bibi alizifungua zawadi zile polepole kwa ukucha, akazinyoosha karatasi, akazitandika ndani ya droo zake za nguo. "Nimemletea kazi ya mikono ya watu," mama mdogo akamlalamikia mama yangu jikoni, "anatumia ganda la hindi na kutupa hindi lenyewe. Wewe unampa ndala anakuombea dua. Mimi ananiwekea makumbusho."

"Basi mletee ndala," mama akasema, akaendelea kukata vitunguu.

Mama mdogo alicheka, lakini kijiba cha roho hakikutoka. Kilikuwa cha zamani kuliko ndala. Yeye ni kitinda mimba, na alipokuwa na miaka tisa alipelekwa shule ya bweni, mbali, kwa sababu alikuwa na akili. Dada yake, ambaye hakuwa na akili hizo au labda hakuulizwa, alibaki nyumbani. "Dada alipata mama mzima," aliniambia. "Mimi nilipata mama wa likizo." Aliyasema haya kwa utulivu huku akinyoosha utepe kwa ukingo wa mkasi, na utepe ukajisokota wenyewe.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya sikukuu, mteja alimletea kigoda afunge. Kigoda ni kitu kigumu kufunga kwa sababu ya miguu. Alikizungusha mara mbili, tatu, akakigeuza, kisha akafanya jambo ambalo sheria za duka haziruhusu: alikikalia. Akaniambia kwamba hakuwahi kukaa mahali palipomjua namna ile. Kiti kilikuwa na bonde dogo lililochongwa katikati, mbao yake laini kama ndani ya mkono, na miguu yake ilimweka magoti sawasawa. Alimwuliza mteja amekitoa wapi. Nyuma ya karakana ya magari, akaambiwa, mlango wa bati wa kijani, usiogope mbwa, ni mzee na hana meno.

Alichokiwaza mama mdogo nakijua kwa sababu aliniambia mwenyewe. Kikapu kinaweza kuwekwa kabatini. Bakuli pia. Kigoda hakiingii kabatini. Kigoda lazima mtu akikalie.

Siku ya kuamkia sikukuu duka lilifungwa saa nane mchana. Saa tisa kasoro alikuwa anapita pembeni ya mbwa.

Fundi wa vigoda hakuwa vile alivyomtarajia. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mafua, miwani yake imefungwa uzi badala ya mkono mmoja, na alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Mama mdogo alimwuliza mbona fundi wa viti anakalia ndoo. "Kila nikijitengenezea kimoja," fundi akasema, "anatokea mtu kama wewe siku ya mwisho."

Vigoda vilisimama kote karakanani katikati ya maranda, vyote vikiwa na miguu mirefu kupita kiasi, kama ndama waliozaliwa asubuhi hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kiti alikichonga, akakipiga msasa, akakitia mafuta, akakimaliza kabisa, isipokuwa miguu. Miguu aliikata mwisho, mbele ya mteja, kwa kipimo cha yule atakayekikalia. Kipimo chenyewe kilikuwa uzi: unaanzia chini ya kisigino hadi nyuma ya goti, hapo unapiga fundo. Ukutani kulikuwa na misumari, na kila msumari na uzi wake, na kila uzi umefungwa kitu cha kumtambulisha mwenyewe: kifungo, ushanga, unyoya, mara nyingine kipande cha nguo. Bila uzi hauzi. Watu walikwisha kumtukana kwa ajili hiyo, na akawaacha watukane.

Mama mdogo alichagua haraka, kwa sababu macho yake yana mazoezi. Alikiona kimoja chenye mzunguko wa majani yaliyochongwa ukingoni, kila jani na mshipa wake, na mbao yenye rangi ya asali. Fundi alikiri kwamba kile kilimchukua mwezi. Kisha akaomba uzi.

Hakuwa na uzi. Bibi yuko upande wa pili wa mji, nyumbani kwa dada yake, na hakujua, akaniambia, hata kwa kubahatisha, goti la mama yake linafika wapi. Alisimama pale akijaribu kuliona goti hilo. Aliliona gauni tu.

Na hapo akaliona gauni lenyewe. Kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni, uzi mweupe, na mwisho wake kipande cha kitambaa chenye maua madogo ya rangi ya udongo. Gauni la bibi la nyumbani, ambalo mama yangu alilipunguza pindo mwezi uliotangulia.

"Uzi huu wa nani?"

"Wa mama wa mteja mmoja. Kiti chake hicho hapo, anakuja kukichukua jioni hii."

Kilikuwa karibu na mlango, kimefunikwa gazeti. Mama mdogo alilifunua. Kigoda kitupu, hakina hata ua moja, kiti chake bapa, miguu minne minene. Kirefu pia. Alichokiona si kigoda. Alimwona dada yake akiwa amepiga magoti mbele ya bibi asubuhi fulani, uzi mkononi, na bibi amenyoosha mguu, na wawili hao wanacheka kitu. Alimwona dada yake akiwaza kigoda kabla yake, yeye mtu wa ndala. Na aliziona sikukuu zote zilizobaki: bibi amekalia kile kitupu kila siku, na kile cha majani kimewekwa juu ya kabati, kizuri mno.

"Huyo mteja ni dada yangu," akasema. "Na mama huyo ni wangu. Nikatie hiki kwa uzi huo huo."

Fundi alimtazama juu ya miwani, akaona bila shaka kwamba nyuso zinafanana, akauchukua uzi. Lakini alipokuwa akiunyoosha kwenye mguu wa kigoda alisema, "Dada yako aliniambia niongeze vidole vinne juu ya fundo. Naongeza na hapa?"

"Vya nini?"

"Alisema mama akikaa chini, kuinuka kunamshinda."

Nimefikiri sana kuhusu dakika hiyo. Mama mdogo si mtu mbaya na si mjinga. Alikuwa ameambiwa ukweli, wazi, na mtu asiye na sababu ya kudanganya. Lakini yeye alipokuja kwetu bibi alikuwa daima amekwisha kaa, kwenye kochi, amevaa vizuri. Alipoondoka bibi alikuwa amekwisha simama mlangoni kumpungia mkono. Kilichotokea kati ya kochi na mlango hakuwahi kukiona, maana wakati huo alikuwa akitafuta mkoba wake.

"Dada yangu anapenda kumzeesha mama," alimwambia fundi. "Akimzeesha ndipo anapata wa kumlea. Kata kwenye fundo."

"Mguu mrefu naupunguza," fundi akasema. "Mfupi siurefushi. Nauliza mara ya pili, huwa nauliza mara mbili. Kwenye fundo?"

"Kwenye fundo."

Akakata. Vipande vinne vilidondoka kwenye maranda, kimoja kimoja, na mama mdogo akasema mlio wake ulimfurahisha.

Alikifunga nyumbani kwake jioni ile, kwenye meza ya kulia, kwa karatasi ya rangi ya maziwa aliyoinunua kwa siri kutoka dukani kwake mwenyewe. Miguu yote minne aliivalisha kila mmoja peke yake.

Sikukuu tulikula kwetu. Sebule yetu ni ndogo, viti vya kulia vilisukumwa ukutani, na mjomba, kaka yao wa kati, alikuwa amekwisha kufika na kusema kwamba amekuja mikono mitupu kwa sababu zawadi ni yeye. Mama yangu hakungoja shughuli. Alikitoa kigoda chake chumbani kikiwa bado na gazeti mguu mmoja, akakiweka chini. "Mama, kiti chako hicho cha kukalia uani."

"Hiki ni cha kukalia au cha kupandia kwenye dari?" mjomba akauliza, na watu wakacheka. Mama yangu alicheka pia, kidogo.

Mama mdogo aliacha kicheko kiishe. Kisha akaleta chake.

Bibi alikifungua kwa ukucha, mguu mmoja mmoja, akiinyoosha kila karatasi juu ya paja. Ilipotoka ile mbao yenye rangi ya asali na yale majani, hata mjomba aliacha utani. Bibi alipitisha kidole juu ya jani moja, akalifuata jirani yake, akazunguka kiti chote hadi alikoanzia. Alimtazama mama mdogo kwa muda. Kisha akainuka kutoka kwenye kochi, mama yangu akiwa ameshika kiwiko chake, akakikalia.

Tukapiga makofi. Mama yangu hakupiga. Alisema kwa sauti ya chini, "Ni kifupi."

"Ni kipimo chake," mama mdogo akajibu.

Mama akamtazama, na nadhani wakati huo alielewa yote, karakana na uzi na msumari wa tatu.

Tangu saa saba bibi alikaa pale. Chakula kilipoandaliwa mezani alisema ameona raha mno, aletewe hapo hapo. Picha zilipopigwa ni sisi tuliohama na kumzunguka. Wageni walipoingia aliwapa mkono akiwa amekaa, akawaonyesha majani. "Kaniletea mwanangu wa mwisho," aliwaambia. Kigoda cha mama kilikuwa pembeni ya mlango, na mtu fulani akakiwekea glasi chafu juu yake.

Sijawahi kumwona mama mdogo vile. Alikuwa mwepesi, alicheka utani wa mjomba hata ule wa kila mwaka, alipita na sinia kana kwamba nyumba ni yake. Kabatini hakutazama hata mara moja. Saa kumi alikuja jikoni, akakunja mikono ya gauni, akasimama kando ya mama yangu kwenye sinki aoshe vyombo, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwetu. Mimi nilikuwa nafuta sahani.

"Leo mama hajakitaka kile chako," akasema. Alijaribu kulisema kama mzaha.

"Nimeona," mama akasema.

"Nakwambia ukweli, dada, nimefurahi. Miaka yote hii."

Mama aliosha bakuli zima kabla ya kujibu. "Chai amekunywa?"

"Nimempelekea mara tatu. Hataki, ameshiba."

"Mama hajawahi kukataa chai."

"Leo amekataa."

"Na maji?"

Mama mdogo akafikiri. Maji pia alikataa.

Mama akafuta mikono kwenye gauni lake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe mazito. "Saa nane nilikwenda kumwinua. Akanishika mkono, akaniambia nimwache. Akasema, usimwite mtu, ataniona. Ndiyo maana hanywi. Anaogopa haja itamshika."

Mama mdogo alibaki na sahani mkononi, ikidondosha maji kwenye viatu vyake. Kisha akaenda hadi mlango wa sebuleni. Wageni walikuwa wametoka nje kumsindikiza mtu, mjomba akiwa nao, na bibi alikuwa peke yake. Alikuwa ameweka viganja juu ya magoti. Alijisukuma. Akainuka upana wa mkono hivi, mabega yakamtetemeka, akarudi chini. Halafu akanyoosha pindo la gauni lake, kama mtu aliyekuwa akirekebisha nguo tu. Akangoja. Akaweka viganja tena.

Mama mdogo akaenda akapiga magoti mbele yake. "Mama, twende tukatembee kidogo."

"Nimekaa vizuri, mwanangu."

"Tangu saa saba, mama."

"Ni kizuri mno," bibi akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Alimshika mikono yote miwili akamvuta. Hivyo ndivyo mtu yeyote angefanya, na ndivyo isivyotakiwa: miguu ya bibi iliteleza mbele, mgongo ukabaki nyuma, na akatoa sauti ndogo ya maumivu aliyoikata katikati. Mama mdogo akamwachia. Alitazama ile mikono yake, inayoweza kufunga baiskeli.

"Dada," akaita.

Mama alikuwa tayari nyuma yake. Aliweka mguu wake mbele ya miguu ya bibi ili isiteleze, akapitisha mikono chini ya makwapa, akaweka shavu karibu na shavu. "Haya, bibi harusi," akasema. "Moja, mbili."

"Tatu kasorobo," bibi akasema, na akainuka.

Wakaenda zao bafuni, polepole, wakizungumza kitu. Mama mdogo akabaki na kigoda. Nilidhani angelia. Miezi baadaye nilipomwuliza alihisi nini pale, nikitarajia aniambie aibu, maana majuto ni mjukuu na mimi mjukuu nilikuwa nimesimama pale nikiyaona, alinijibu kwa ukweli wake wote. "Wivu," alisema. "Aibu ilikuja baadaye, njiani. Pale nilionea wivu ile tatu kasorobo. Wana maneno yao wawili. Wamekuwa nayo siku ngapi, mimi sijui?"

Sikukuu ilipopita alikirudisha kigoda kwa fundi. Aliomba vile vipande vinne viunganishwe tena. Fundi akamwambia vilikwisha kuchemsha chai, na hata vingekuwepo asingevigusa: angeweza kukivalisha viatu kigoda, lakini kiti cha viatu huyumba, na siku kikimwangusha mama wa mtu yeye hana jina tena mjini. Alimhurumia, nadhani. Alimwambia akikalie aone. Mama mdogo akakikalia. Fundi akauleta uzi ule wenye kitambaa cha maua, akautia chini ya kisigino chake, akaupandisha. Fundo likafika nyuma ya goti, pale pale.

"Mguu wa mama yako unao wewe," fundi akasema, akapiga chafya.

Kwa hiyo kigoda kikarudi kwetu, na yeye pamoja nacho. Siku hizi huja kila Jumamosi, duka likifungwa. Jumamosi ya kwanza alimwomba mama yangu amfundishe kumwinua bibi, na mama akamfundisha kwa maneno machache kadiri ilivyowezekana: mguu hapa, mkono hapa, usivute, ngoja aje mwenyewe. Alipokosea mama hakumsaidia upesi. Ilimchukua wiki nne. Ile hesabu ya moja, mbili hakuigusa. Akasema hiyo ni mali ya watu. Yeye humwambia bibi, "Simama nikufunge karatasi," na bibi husimama.

Bibi hukalia uani kile kigoda kirefu kitupu cha mama yangu, ambacho sasa kina alama ya beseni na kimeanza kung'aa pale anapokalia. Mama mdogo hukaa mbele yake kwenye kile cha majani, vidole vinne chini zaidi, akimkata kucha za miguu na kumpaka mafuta kwenye visigino. Kwa urefu ule miguu ya bibi humfikia mapajani vizuri kabisa, kana kwamba vigoda viwili vilipimwa pamoja.

Jumamosi moja mwezi uliopita bibi alikuwa akimsimulia mama mdogo jinsi yeye, akiwa mtoto, alivyorudi likizo ya kwanza kutoka bwenini, akiwa na chawa na Kiingereza, na jinsi alivyokataa kunyolewa kwa lugha zote mbili. Mama mdogo hakuwa anaikumbuka habari hiyo. Alicheka mpaka mkasi ukamdondoka, na bibi akacheka kwa sababu yeye anacheka, ameshika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili ili asianguke kutoka kitini.

Mama yangu alitokea mlangoni na beseni la maji ya moto. Alisimama hapo. Hakuna aliyemwona kwa muda.

"Maji yanapoa," akasema, kwa sauti kavu.

Mama mdogo aliinua uso. Aliniambia baadaye kwamba ile sura aliijua mara moja, kama mtu anavyolijua gauni lake kwenye kamba ya jirani.

"Njoo nayo, dada," akasema. Na akasogeza kigoda chake pembeni kumpisha. Si sana.